Wanyama wa Pori Walivyojifunza Kukaa Mjini

Tukisema "wanyama wa pori", fikira zetu huenda mbali. Tunawaza simba wa mbugani, tembo wa msituni, kiboko wa ziwani. Hatumuwazi panya anayetoboa gunia la unga chini ya kitanda, wala mwewe anayeshuka sokoni na kunyakua nyama mkononi mwa mtoto, wala kunguru anayetembea uwanjani kama mwenye nyumba. Lakini hao nao ni wanyama wa pori. Hakuna mtu aliyewafuga. Walikuja wenyewe, wakatazama namna tunavyoishi, wakaona faida, wakakaa.

Walikuja lini? Kwa njia gani? Na mbona wengine wameweza kukaa nasi, na wengine wanatoweka mara tu miti inapokatwa na nyumba zinapojengwa? Historia hiyo ni ndefu kuliko historia ya miji yenyewe. Yafaa tuijue, wala si kwa kujifurahisha tu. Mara nyingi wageni hao wameleta kifo nyumbani mwa watu, na maskini ndio walioumia kwanza. Mara nyingine watu wamewapiga vita kwa nguvu zote wakashindwa, kwa sababu hawakufahamu kilichowaleta.

Mpangaji wa kwanza

Tuanze na panya mdogo wa nyumbani. Zamani wataalamu walidhani kwamba alianza kukaa na watu siku zile watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Neno hilo linaonekana kuwa na akili: palipo na ghala, pana panya. Lakini mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari nyingine. Walikuwa wamepima meno madogo sana ya panya yaliyochimbwa Ain Mallaha, katika bonde la Hula, kaskazini mwa nchi ya Israeli ya leo. Wakaona kwamba panya wa nyumbani alikuwa amekwisha kukaa na watu yapata miaka 15,000 iliyopita, yaani karibu miaka 3,000 kabla ya kilimo.

Watu wa Ain Mallaha walikuwa wawindaji, tena walikusanya nafaka za mwituni. Hawakulima. Lakini walikuwa wameanza kujenga nyumba za mawe na kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Hilo lilitosha. Katika bonde lile palikuwa na panya wa aina mbili, mmoja wa nyumbani na mwenzake wa porini. Watu walipokaa kwa muda mrefu bila kuhama, yule wa nyumbani aliongezeka na kumshinda mwenzake. Watu walipoanza tena kuhamahama, yule wa porini alirudi akawa mwingi. Wataalamu hao walikwenda pia kusini mwa Kenya, kwenye maboma ya Wamasai, ambao huhama na mifugo yao. Huko pia waliona panya wa aina mbili zenye undugu wakikaa karibu na watu pamoja, na mmoja wao alikuwa mwingi zaidi kuliko mwenzake ndani ya maboma.

Basi tushike neno hili la kwanza. Panya hakungoja shamba. Alingoja watu watulie. Mahali watu wanapotulia pana makombo, pana ufa ukutani, pana joto usiku, na adui wakubwa wa panya wanaogopa kukaribia. Mji wo wote duniani, hata uwe mkubwa namna gani, kwa macho ya mnyama ni vitu hivyo vinne tu: chakula, maji, mahali pa kujificha, na amani.

Nondo wa Manchester

Watu huuliza: mnyama akifika mjini, hubadilika namna gani? Zipo njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwili, nayo hupita kwa wazazi na watoto. Mfano wake unaojulikana kuliko yote ni nondo wa Uingereza.

Nondo huyo ni mdogo. Hapo kale rangi yake ilikuwa nyeupe yenye madoadoa meusi, na mchana alijibandika juu ya miti, asionekane na ndege. Kisha viwanda vikaja. Mji wa Manchester ukajaa moshi wa makaa ya mawe. Masizi yakafunika miti ikawa myeusi, na ndege wakawaona nondo weupe kwa urahisi wakawala. Mwaka 1848 nondo mweusi wa aina ile alionekana Manchester na kuandikwa. Alikuwa ajabu, mmoja kati ya wengi. Ilipofika mwaka 1895, katika nondo 100 wa mji ule, 98 walikuwa weusi.

Tufahamu vizuri jambo hilo. Si kwamba nondo mweupe aliona moshi akaamua kugeuka mweusi. Nondo hana uwezo huo, kama vile mtu hawezi kuongeza urefu wake kwa kutaka tu. Wachache walizaliwa weusi. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kwamba badiliko lile ndani ya uzao wao lilitokea karibu mwaka 1819. Ndege waliwala weupe, weusi wakabaki wakazaa. Vizazi vikapita, na rangi ya wachache ikawa rangi ya wote.

Mwaka 1956 Uingereza ilitoa sheria ya kusafisha hewa. Moshi ulipungua, miti ikarudia rangi yake, na nondo weusi nao wakaanza kupungua. Mtaalamu Michael Majerus alitumia miaka saba, tangu 2001 hadi 2007, akiwachungulia nondo 4,864 karibu na Cambridge, ili aone ndege wanawala wepi. Aliona kwamba katika hewa safi weusi ndio walioliwa zaidi. Leo nondo mweusi ni nadra katika nchi ile. Basi sheria iliyotungwa na watu kwa ajili ya mapafu yao ilibadili hata rangi ya nondo.

Ndege wanaofundishana

Njia ya pili ni ya kujifunza. Hiyo ni ya haraka sana, haingoji vizazi.

Zamani huko Uingereza maziwa yalipelekwa kila asubuhi katika chupa, na chupa ziliachwa mlangoni. Mwaka 1921, karibu na mji wa Southampton, watu waliona ndege wadogo wenye kifua cha manjano wakitoboa vifuniko vya chupa na kunywa malai ya juu. Desturi ile ikaenea. Mwaka 1949 wataalamu James Fisher na Robert Hinde waliandika habari za ndege hao, wakaonyesha kwamba ilikuwa imefika sehemu nyingi za nchi. Ndege mmoja alivumbua, wengine wakatazama, au walikuta chupa iliyofunguliwa tayari wakaonja, nao wakazoea. Baadaye watu walipoacha kuletewa maziwa kwa njia ile, shule ile ya ndege nayo ikafungwa.

Jambo kama hilo limeonekana katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, siku za karibu. Huko kuna kasuku weupe wenye kishungi cha manjano. Wamejifunza kuinua kwa mdomo kifuniko kizito cha pipa la takataka, wakitembea ukingoni mwa pipa hata kifuniko kianguke nyuma. Kabla ya mwaka 2018 watu wa mitaa mitatu tu walikuwa wameona jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilikuwa mitaa 44. Tena kasuku wa mtaa mmoja hawakufanya sawasawa na wale wa mtaa wa mbali. Kila mtaa ulikuwa na namna yake.

Wanyama wengine wamejifunza saa za watu. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya uchunguzi juu ya wanyama wa aina 62 wanaonyonyesha, kutoka mabara sita. Waliona kwamba mahali penye watu wengi wanyama huhamisha shughuli zao usiku. Mchana ni wetu. Usiku wamejitwalia wao.

Kunguru wa Unguja

Sasa tuje karibu na kwetu. Katika miji mingi ya Kongo tunamjua kunguru mwenye kifua cheupe. Huyo ni mwenyeji wa Afrika. Lakini pwani ya Afrika ya Mashariki yupo kunguru mwingine, mwembamba zaidi, mweusi mwenye shingo ya kijivu. Huyo ni mgeni kutoka Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati kisiwa kilipokuwa chini ya Waingereza. Takataka zilikuwa nyingi katika mji, na wakubwa walifikiri: tumlete ndege anayekula uchafu, atusafishie mji bila mshahara.

Kunguru alifanya kazi yake, lakini hakuishia hapo. Alikula mayai ya ndege wengine na makinda yao. Alinyakua vifaranga vya kuku uani. Aliongezeka, akavuka bahari. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo amejaa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, na ndege wadogo wengi wa bustani wamepungua mahali alipo.

Watu wameshindana naye mara nyingi. Katika miaka ya kwanza ya 1990 makumi ya maelfu ya kunguru waliuawa Unguja, na hesabu yao ikashuka sana. Kazi iliposimama, wakazaliana tena. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inataka kuwaua kunguru hao milioni moja. Tazameni basi: wachache waliletwa ili wamle taka, na baada ya miaka mia na zaidi watu wanahesabu kwa mamilioni. Kosa halikuwa la kunguru. Watu walitaka ndege afanye kazi iliyokuwa yao.

Panya, viroboto na tauni

Kuna historia nzito kuliko hiyo. Mwaka 1894 tauni iliua watu wengi Hong Kong. Daktari Alexandre Yersin alikwenda huko, akafanya kazi katika kibanda, akaona kijidudu kinachosababisha ugonjwa ule. Akakiona pia ndani ya panya waliokufa mjini. Lakini ugonjwa ulitokaje kwa panya ukamfikia mtu? Mwaka 1898 daktari mwingine Mfaransa, Paul-Louis Simond, alijibu swali hilo huko Karachi. Alionyesha kwamba kiroboto ndiye mchukuzi. Panya akifa na mwili wake ukipoa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine yenye joto. Mtu akilala karibu, wanamrukia yeye. Madaktari wengi hawakumsadiki kwa miaka kadhaa. Wakati huo Bara Hindi ilikuwa imekwisha kuanza kuzika watu wake. Kwa jumla zaidi ya milioni 10 walikufa katika miaka ile.

Meli na reli zilimchukua panya, na panya alimchukua kiroboto. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1902 tauni ilikuwa imefika, na wakubwa waliagiza soko la Wahindi lichomwe moto. Nyumba na mali za wafanya biashara ziliteketea. Lakini watu walijenga tena kwa kusongamana, na tauni ilirudi Nairobi katika miaka iliyofuata.

Hanoi, mji wa Vietnam uliotawaliwa na Wafaransa, una habari inayochekesha na kusikitisha pamoja. Wafaransa walichimba mifereji mizuri ya kisasa chini ya mtaa wao. Panya wakaiona mifereji ile kuwa makao mema: giza, maji, chakula kinachopita, na hakuna adui. Mwaka 1902 serikali iliajiri watu wa kuwaua panya chini ya ardhi. Siku moja ya mwezi wa Juni waliua zaidi ya 20,000. Panya hawakuisha. Ndipo serikali ikasema: kila mtu atakayeleta mkia wa panya atalipwa. Mikia ikaja kwa maelfu, na wakubwa wakafurahi. Kisha wakaona mitaani panya wazima wasio na mikia! Watu walikuwa wakikata mkia na kumwachilia panya, apate kuzaa wengine. Wengine walifuga panya kwa ajili ya mikia. Serikali ikaacha kulipa. Mwaka uliofuata tauni iliingia mjini.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale tu. Shirika la Afya la Dunia linaitaja nchi yetu ya Kongo, pamoja na Madagaska na Peru, kuwa kati ya nchi ambamo tauni inaendelea kutokea, na mkoa wa Ituri ndio unaoumia zaidi. Siku hizi kuna dawa zinazoponya, kama mgonjwa akifikishwa kwa daktari mapema. Lakini panya bado anaingia nyumbani kwa sababu ileile ya Ain Mallaha: nafaka imewekwa ndani, karibu na mahali watoto wanapolala chini.

Korongo wa Kampala

Aliyefika Kampala amemwona yule ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya na mfuko unaoning'inia shingoni. Waganda humwita kalooli. Ni korongo wa porini. Kazi yake ya kale ilikuwa kuzifuata nyama zilizoachwa na simba, pamoja na tumbusi. Kichwa chake kipara kinamfaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa damu haishikamani na manyoya.

Ndege huyo alipofika mjini hakuhitaji kubadilika sana. Jalala ni mzoga mkubwa usiokwisha. Machinjio humpa matumbo na mifupa, na miti mirefu ya barabarani humpa mahali pa kujenga kiota. Katika miaka ya 1970, siku za vita na fujo, uondoaji wa takataka Kampala ulilegea, na korongo hao waliongezeka sana. Mtaalamu Derek Pomeroy wa Makerere amewachungulia kwa miaka mingi. Wenyeji wananung'unika, maana mavi yao huharibu magari na nguo za wapita njia. Lakini wanajua pia kwamba ndege hao hula vitu vingi ambavyo vingeoza vikaleta nzi na magonjwa. Asiyewapenda korongo hana haja ya kutafuta bunduki. Kwanza atafute gari la taka.

Fisi wa Harar na chui wa Mumbai

Kuna miji iliyopatana na wanyama kwa namna nyingine. Harar, katika Ethiopia, ni mji wa kale wenye ukuta uliojengwa katika karne ya 16. Chini ya ukuta huo kuna matundu. Usiku fisi huingia, hupita vichochoroni, hula mifupa na mabaki, na alfajiri hurudi zao. Wenyeji husema kwamba fisi huwala pia pepo wabaya. Siku ya Ashura huwapikia uji, na wakila vizuri, watu hutumaini mwaka mwema. Fisi wa nchi nyingine ni adui wa mifugo na wa watoto. Wa Harar ni fisi yuleyule mwenye meno yaleyale, lakini watu na fisi wamejifunza mipaka kwa muda wa karne nyingi.

Mumbai, zamani ukiitwa Bombay, ni mji wa Bara Hindi wenye watu zaidi ya milioni 12. Ndani ya mji huo kuna hifadhi ya msitu wa kilomita za mraba 104 hivi, na makumi ya chui wanakaa humo. Usiku chui hutoka na kuwinda mbwa wasio na bwana katika mitaa ya kando ya msitu. Mwaka 2004 hali ilikuwa mbaya sana. Watu wengi, na hasa watoto wa mitaa ya mabanda, waliuawa na chui. Wenye mamlaka walikuwa wakiwanasa chui na kuwaachilia mahali pengine. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba desturi hiyo ilizidisha hatari: chui anayetupwa mahali asipopajua huchanganyikiwa, hana eneo lake, hajui njia za usiku, tena hukutana na watu ovyo. Wakaacha kuwanasa bila sababu. Wakawafundisha wenyeji wasiwaache watoto peke yao gizani, waweke taa, waondoe takataka zinazowavuta mbwa. Mashambulio yakapungua sana, na chui wangali wapo.

Tena mwaka 2018 wataalamu walifanya hesabu nyingine. Chui hao hula mbwa yapata 1,500 kwa mwaka, na kwa hiyo watu wengi huepuka kuumwa na mbwa wenye kichaa. Si kusema kwamba chui ni rafiki. Mama aliyepoteza mtoto hawezi kuambiwa neno hilo. Twasema tu kwamba kumwondoa mnyama mmoja bila kufahamu kazi yake kwaweza kufungua mlango kwa hatari nyingine.

Wasioweza kuja

Tukisoma habari hizi, twaweza kujidanganya na kusema: basi wanyama watazoea, tusihangaike. Hapana. Waliozoea ni wachache. Tukiwatazama, karibu wote wana tabia za namna moja: hula kila kitu, huzaa upesi au hujifunza upesi, na hawamwogopi mtu kupita kiasi. Asiye na tabia hizo hawezi kuja mjini.

Okapi wa misitu ya Kongo hatakula jalalani. Yule tausi wetu wa Kongo, ambaye James Chapin alimtambulisha kwa wataalamu wa dunia mwaka 1936, hatajenga kiota juu ya nguzo ya umeme. Sokwe humzaa mtoto mmoja na kumlea kwa miaka mingi. Hawezi kushindana na panya. Hao wakinyang'anywa msitu, hawahamii mahali. Wanakwisha. Na mji unapozidi kupanuka na kukata miti ya makaa mbali zaidi kila mwaka, tunabadilisha okapi kwa panya. Hiyo ni biashara mbaya.

Sisi tufanye nini?

Historia yote tuliyoieleza yasema neno moja. Unguja waliua kunguru, wakarudi. Nairobi walichoma soko, tauni ikarudi. Hanoi walilipa kwa mikia, wakazalisha panya. Lakini Uingereza walipoondoa moshi, nondo weusi walipungua bila mtu kuua hata mmoja. Mumbai walipobadili desturi zao wenyewe, chui walipunguza madhara. Anayemwua mnyama na kuacha chakula chake pale pale anatayarisha nafasi kwa mwingine.

Kwa hiyo kazi inaanza nyumbani. Nafaka na unga viwekwe katika debe au pipa lenye kifuniko, vikiinuliwa juu ya sakafu. Mabaki ya chakula yafukiwe au yafunikwe jioni, yasingoje asubuhi. Matundu ya ukuta yazibwe. Watoto wasilale kando ya magunia. Mkiona panya wengi wanakufa bila sababu, msiwashike kwa mikono, wala msiwafagie tu nje. Mpelekeeni habari muuguzi wa zahanati mara moja, maana viroboto wao wanatafuta damu mpya. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani au kwapani, apelekwe hospitali siku ile ile.

Lakini mtu mmoja hawezi kusafisha mtaa mzima. Jalala la sokoni ni la wote, na mara nyingi lipo karibu na nyumba za wale wasio na sauti. Wenye nyumba nzuri hupeleka taka zao huko, kisha hulalamika kwamba mtaa ule una panya. Katika Nairobi ya mwaka 1902 na Hanoi ya mwaka ule ule, mambo yalikuwa hivyohivyo. Basi kikao cha mtaa, chama cha akina mama, wazee wa soko, na viongozi wa mji wakutane juu ya shauri hili kabla ugonjwa haujawakutanisha. Waulize: taka za soko letu zinalala wapi usiku? Nani anaziondoa? Kwa siku zipi?

Wanyama wanaokaa nasi mjini wanatusoma kila siku. Wanajua saa tunazolala, siku ya soko, na pipa lisilofunikwa. Hawawezi kuishi mjini ila kwa kile tunachokiacha wazi. Tukitaka kujua mtaa wetu uko katika hali gani, tutazame jioni, jua linapotua, ni wanyama gani wanaotoka, na wanaelekea wapi.